Uzi: Tabidostati ya mililita 20 ya kujiundia – kihisi cha OD, pampu, na namba zinazodanganya

#1 MvukeNaKioo

Wakuu, uzi huu ni wa wanaotaka kuotesha bakteria mfululizo kwa siku kadhaa bila kuhamisha otesho kwa pipeti kila asubuhi. Tabidostati inapima ukungu (OD) wa otesho, yaani wa bakteria wanaokua kwenye chupa. Ukungu ukivuka kiwango ulichoweka, pampu inaingiza midia mpya (mchuzi wa kuwalisha bakteria) hadi ushuke. Kemostati (Monod, na Novick na Szilard, wote mwaka 1950) ni kinyume chake: mwendo wa pampu umewekwa usibadilike, kirutubisho kimoja ni haba, na bakteria wanalazimika kufuata. Kwenye tabidostati bakteria ndio wanaoamua mwendo, nasi tunausoma kupitia pampu.

Anza na hesabu ya midia kabla ya kugusa waya wowote, maana hapo ndipo wengi hukwama siku ya pili. Kasi ya ukuaji ni 0.693 ugawe kwa muda wa kuongezeka maradufu. E. coli kwenye LB (midia tajiri) kwa nyuzi 37 hujigawa kila dakika 20 hivi, yaani kasi 2.08 kwa saa. Zidisha kwa ujazo wa mililita 20 upate mililita 42 kwa saa, karibu lita moja kwa siku kwa chupa moja. Kwenye M9 (midia ya chumvi) yenye glukosi, ukichukulia maradufu kwa saa moja, ni mililita 14 kwa saa, au mililita 333 kwa siku. Chupa nane za LB zinakula lita nane kila siku, na otoklevu yako (chungu cha mvuke cha kuua vijidudu) lazima iweze kulisha hizo.

Vifaa vya chupa moja:
– Chupa ya kioo ya mililita 40 yenye kifuniko cha tundu na mpira wa silikoni. Usitumie polistirini, haivumilii nyuzi 121.
– Sindano tatu za chuma cha pua zinazopita kwenye mpira: ya midia, ya taka, ya hewa. Viungio viwe vya polipropilini.
– Chujio la hewa la mikromita 0.22 lisiloshika maji.
– Pampu mbili za peristaltiki zenye mrija wa silikoni.
– Sumaku ya kukorogea, na chini yake feni ya kompyuta yenye sumaku mbili zilizogundishwa.
– Kishikizo cha alumini chenye hita na kithamista (kihisi cha joto) cha kiloomu 10. Kishikizo cha PLA (plastiki ya printa ya 3D) hulegea kwenye nyuzi 60 hivi, kwa hiyo usikiweke karibu na hita wala ndani ya otoklevu.
– LED ya infraredi, fotodiodi (kipokezi cha mwanga), kikuza ishara ya umeme (op-amp) na ADC (kigeuzi cha voltu kuwa namba) ya biti 16, mfano ADS1115.

Ujazo hautawaliwi na pampu ya midia. Unatawaliwa na ncha ya sindano ya taka: ishushe mpaka iguse usawa wa mililita 20, kisha pampu ya taka izunguke kwa muda mrefu kuliko ya midia kila mara. Ziada ikiisha inanyonya hewa tu, na usawa unabaki pale pale. Ukijaribu kusawazisha pampu mbili kwa kasi sawa, tofauti ya asilimia mbili tu kwenye lita moja kwa siku ni mililita 20, yaani ujazo wote wa otesho.

---

#2 Fotoni_850

Mkuu umeanza vizuri. Natia neno kwenye kihisi, maana ndicho moyo wa mtambo.

OD600 ya bakteria (ukungu unaopimwa kwa mwanga wa nm 600) si ufyonzaji wa mwanga. Bakteria hawana rangi ya kutosha. Wanatawanya mwanga na kuupotosha usifike kwenye kipokezi. Kwa hiyo namba unayoipata inategemea umbali wa kipokezi, upana wa tundu lake na umbo la chupa. Spektrofotomita (mashine za maabara za kupima mwanga) mbili zenye chapa tofauti zitakupa namba mbili kwa otesho moja, na kihisi chako kitakupa ya tatu. Hakuna iliyo ya kweli kuliko nyingine, ila lazima ujue moja inageukaje kuwa nyingine.

Urefu wa wimbi: napendelea 850 hadi 880 nm. LB ina rangi ya manjano-kahawia ambayo huko haionekani, na protini nyingi zing'aazo hazisumbuliwi. Wengi huchukua 940 nm kwa sababu LED zake zimejaa kila mahali, lakini maji yenyewe hufyonza karibu na 970 nm na ufyonzaji huo hubadilika na joto. Kwa kipimo kinachotakiwa kutulia wiki nzima, hilo ni tatizo la kujitakia.

Mzunguko: fotodiodi iingie kwenye kikuza chenye rezista ya megaomu 1, sambamba na kapasita ya nanofaradi 10. Mkondo wa mikroampea 1 unakupa voltu 1, na R × C ni milisekunde 10, kwa hiyo kutulia huchukua kama mara tano ya hapo. Washa LED kwa mkondo uliodhibitiwa (rezista peke yake kwenye USB hutikisika kila pampu ikiwaka), subiri milisekunde 50, soma kwa wastani wa milisekunde 100, zima, subiri tena, soma giza, toa. Milisekunde 100 si za kubahatisha: zinabeba mizunguko 5 kamili ya umeme wa hezi 50 na 6 ya hezi 60, kwa hiyo mtetemo wa taa za chumbani unajifuta wenyewe popote ulipo.

Kisha OD = logi ya 10 ya [(V tupu − giza) ÷ (V sasa − giza)]; V tupu ni ya midia isiyo na bakteria.

---

#3 Mbegu_na_Mchuzi

Swali kwa Fotoni_850. Kipokezi kikae mkabala na LED au pembeni? Nimeona michoro yenye nyuzi 90 na mingine 135.

---

#4 Fotoni_850

Mkabala (nyuzi 180) hesabu yake ni rahisi na ishara ni kubwa, ila kwenye OD ndogo unatafuta badiliko dogo ndani ya namba kubwa. OD 0.01 ni upungufu wa asilimia 2.3 tu wa mwanga. LED ikipata joto kidogo, mwanga wake unashuka na unaweza kuusoma kama ukuaji. Pembeni unapima mwanga uliotawanywa, giza ni karibu na sifuri, na otesho jepesi linaonekana vizuri. Ubaya wake ni kwamba kwenye OD kubwa ishara inajikunja: mwanga unatawanywa mara nyingi, mstari unalala, na mwishoni unaweza hata kushuka. Mtambo unaotegemea ishara iliyojikunja utadhani otesho ni jepesi na utaacha kuzimua kabisa.

Ushauri wangu kwa lengo la OD 0.2 hadi 0.6: nyuzi 135 kama una muda wa kutengeneza jedwali la usahihishaji (la kugeuza ishara ya kihisi kuwa OD), mkabala kama huna. Vyovyote vile, weka fotodiodi ya pili inayoitazama LED moja kwa moja, ugawe ishara yako kwa ya kwake.

---

#5 MvukeNaKioo

Jedwali la usahihishaji lifanywe hivi. Otesha E. coli hadi OD 2 hivi, zungusha kwenye sentrifuji, ondoa mchuzi, rudisha seli kwenye M9 isiyo na glukosi ili zisikue wakati unapima. Tengeneza hatua 10 kutoka 0.02 hadi 1.5. Kila hatua ipime kwenye chupa yako halisi, ndani ya kishikizo chake halisi, sumaku ikiwa ndani, kisha ipime kwenye spektrofotomita. Kwenye spektrofotomita, chochote kinachozidi 0.4 kizimue kwanza ndipo uzidishe, kwa kuwa mstari huanza kupinda hapo.

Kila chupa na kishikizo vina jedwali lao. Chupa za kioo hazifanani unene. Tia alama ya rangi kwenye shingo ya chupa na kwenye kishikizo, zilingane kila unapoirudisha.

---

#6 ChujioBovu

Kwenye kukoroga mmeruka haraka. Feni ikienda kasi, shimo la mzunguko linashuka mpaka kwenye njia ya mwanga na OD inaruka ovyo. Hewa ikipulizwa chini, viputo vinafanya hivyo hivyo. Mwanga upite chini ya nusu ya kimo cha maji, juu ya sumaku. Kabla ya kusoma simamisha feni na hewa kwa sekunde 5, soma mara 15, chukua namba ya katikati badala ya wastani. Kiputo kimoja kinaharibu wastani, namba ya katikati hakiigusi.

Na hewa ipite kwanza kwenye chupa ya maji safi yaliyoondolewa vijidudu, yenye joto lile lile la otesho. Hewa kavu inakausha chupa ndogo na kuziba ncha za sindano kwa chumvi.

---

#7 Nyuzi37

Kuhusu joto, kithamista kilichochomekwa kwenye alumini kinasoma alumini. Maji ndani huwa baridi kwa nyuzi 1 hadi 2, kutegemea kishikizo kimeibana chupa kiasi gani. Jaza chupa maji, tumbukiza kipimajoto, sahihisha lengo mpaka maji yenyewe yawe 37.

Halafu kuna baridi inayoletwa na midia. Mililita 1 ya nyuzi 25 ikiingia kwenye mililita 20 za nyuzi 37, joto linashuka nyuzi 0.6. Mililita 5 zinalishusha nyuzi 2.4. Ukizimua kwa mafungu makubwa, dakika za kwanza baada ya kila fungu usizitumie kukokotoa kasi ya ukuaji.

---

#8 Mbegu_na_Mchuzi

Asanteni. Sasa shida yenyewe. E. coli, M9 na glukosi, lengo OD 0.40, nyuzi 37. Mwanzoni pampu ilionyesha kasi 0.7 kwa saa. Kadiri siku zinavyokwenda inapanda taratibu, sasa iko 0.9. Je, hii ni mageuzi, yaani wamejitokeza mutanti wanaokua haraka? Au mtambo unanidanganya?

---

#9 ChujioBovu

Angalia mrija wa pampu kwanza kabla ya kuwaza mageuzi. Silikoni inachoka pale roli zinapobana, na mililita ulizozipima siku ya kwanza si za leo. Kama mrija umelegea, programu inahesabu mililita 1 kumbe inaingia 0.8, na kasi inaonekana kubwa kuliko ilivyo. Pima kwa mizani: mapigo 50 ya urefu ule ule unaoutumia kwenye kazi, gramu 1 ya maji ni mililita 1. Usipime kwa kuiacha pampu izunguke dakika kumi mfululizo, kwa sababu pigo fupi lina mwanzo na mwisho wake na halilingani na mzunguko mrefu.

---

#10 Mbegu_na_Mchuzi

Nimepima kwa mizani. Pampu iko sawa ndani ya asilimia 2.

---

#11 UtandoMwembamba

Basi karibu kwenye ugonjwa wa tabidostati zote: utando wa bakteria kwenye kioo.

Mtambo unafanya kazi ya kuchagua saa zote. Seli inayoelea itatolewa na pampu ya taka. Seli iliyojishika kwenye ukuta haitoki. Ukuta unageuka makazi ya kudumu, na kila saa unamwaga seli mpya kwenye maji. Pampu inalazimika kutoa ukuaji wa seli zinazoelea pamoja na hizo zilizomwagwa. Ndiyo maana kasi inapanda bila seli yoyote kukua haraka zaidi. Kwenye kemostati ni vibaya zaidi: unaweza kupitisha kasi ya juu kabisa ya ukuaji na otesho lisifutike, kwa sababu ukuta unalijaza tena.

Na utando ukiwa mbele ya LED unaongeza OD ya bandia. Mtambo unashikilia jumla kwenye 0.40, kumbe kwenye maji kuna 0.30.

Kuna kipimo kizuri ambacho hakihitaji kufungua chupa. Tumia uzimuaji wenyewe. Agiza pampu iingize mililita 5 kwa mkupuo kwenye mililita 20. Kilichomo kwenye maji lazima kishuke hadi 20/25, yaani 0.8. Kilichoganda kwenye kioo hakishuki. Kwa hiyo:

OD ya bandia = (OD baada − 0.8 × OD kabla) ÷ 0.2

Mfano: kabla 0.40, baada ulitegemea 0.32, ukapata 0.34. Tofauti 0.02 ugawe kwa 0.2, unapata 0.10. Robo ya kile unachokiita otesho ni uchafu wa kioo. Fungu dogo la mililita 1 halifai hapa, maana unagawa kwa 0.048 na kelele ndogo ya kihisi inageuka namba kubwa ya uongo.

---

#12 Fotoni_850

Kipimo hicho nakiunga mkono, kwa sharti moja. Jedwali la usahihishaji likiwa limepinda vibaya, utapata OD ya bandia hata kwenye chupa safi. Kifanye saa za kwanza, chupa ikiwa mpya. Namba utakayopata hapo ndiyo sifuri yako. Linganisha na hiyo siku zinazofuata. Soma baada ya sekunde 30 za kukoroga, la sivyo midia mpya bado haijachanganyika, inaogelea kama mawingu mbele ya LED.

---

#13 UtandoMwembamba

Sahihi. Naongeza njia ya kutenganisha mageuzi na utando: linganisha kasi mbili. Ya kwanza ni ya pampu, yaani mililita kwa saa ugawe kwa ujazo. Ya pili ni mteremko wa logi asilia ya OD katikati ya uzimuaji mmoja na mwingine, ukiacha zile dakika za baridi alizotaja Nyuzi37. Zikipanda zote mbili kwa pamoja, kuna mageuzi au joto limepanda. Ya pampu ikipanda huku mteremko umebaki au umeshuka, ni utando: OD ya bandia haikui, kwa hiyo inaulaza mteremko.

Ukitaka uthibitisho wa mwisho, toa mililita 1, ipime kwenye spektrofotomita na uhesabu koloni kwenye sahani za agari. Namba inayotajwa sana ni seli milioni 800 kwa mililita kwa OD 1, lakini inabadilika na ukubwa wa seli. Za LB ni kubwa kuliko za M9, kwa hiyo usihamishe namba ya midia moja kwenda nyingine.

---

#14 Mbegu_na_Mchuzi

Mkuu, nimefanya kipimo cha mililita 5: kabla 0.401, baada 0.338. Mteremko ni 0.61. Kwa hiyo ni utando?

---

#15 UtandoMwembamba

0.338 toa 0.3208 ni 0.0172, gawa kwa 0.2, unapata 0.086. Mteremko uko chini ya kasi ya pampu. Ndiyo, ni utando.

Tiba kwa mpangilio wa uzito wake:

Hamisha otesho kwenda chupa safi kabla utando haujakomaa, kila saa 24 kwenye midia tajiri, kila saa 48 kwenye M9. Hili ndilo linalofanya kazi kuliko yote. Mengine ni ya kuchelewesha tu.

Tumia aina ya E. coli iliyokatwa jeni za kushikamana, hasa za fimbria, yaani vinyweleo vya kushikia (fimA au fimH), na za curli, nyuzi za protini za kushikamana (csgA). Haizuii kabisa, maana uchaguzi utatafuta njia nyingine, ila unapata muda.

Koroga kwa nguvu kati ya vipimo. Na usitie sabuni yoyote kwenye midia kwa matumaini ya kuzuia mshiko. Unabadilisha fiziolojia ya kitu unachokipima.

---

#16 ChujioBovu

Kabla hamjamaliza: utando haukai kwenye chupa tu. Bakteria wenye flajela (mikia ya kuogelea) hupanda mrija wa midia kinyume na mkondo hadi kwenye chupa kuu. Dalili yake ni midia kuwa na ukungu, au mabaki ya kijivu ndani ya mrija karibu na sindano. Ncha ya sindano ya midia isiguse otesho kamwe. Iache juu ya maji sentimita 2 au zaidi, midia idondoke kama matone, na kati ya tone na tone kuwe na hewa. Povu likipanda hadi kwenye ncha, umewajengea daraja.

Chupa kuu ya midia nayo iwe na chujio lake la hewa. Bila hilo pampu inatengeneza ombwe, mililita zinapungua polepole, na utaanza tena kuilaumu pampu. Chujio lililolowa halipitishi hewa hata kama linaonekana zima. Libadilishe, usilikaushe.

---

#17 Nyuzi37

Swali la pembeni: M9 yangu inatoka kwenye otoklevu na mashapo meupe.

---

#18 MvukeNaKioo

Umechemsha vyote pamoja. Kwa lita moja: Na2HPO4 kavu gramu 6, KH2PO4 gramu 3, NaCl gramu 0.5, NH4Cl gramu 1. Hizo ziingie otoklevu peke yake. Magnesi na kalsiamu zikichemshwa na fosfati zinaganda na kuzama. Glukosi ichemshwe kando kama mchanganyiko wa asilimia 20, au ichujwe kwa 0.22. Vyote vikishapoa ongeza mililita 20 za glukosi (mwisho asilimia 0.4), mililita 2 za MgSO4 ya mola 1, na mwisho kabisa, huku unatikisa, mililita 0.1 za CaCl2 ya mola 1.

Na muda: dakika 15 kwa nyuzi 121 ni za chupa ndogo. Chupa ya lita 5 inahitaji dakika 45 au zaidi, kwa sababu katikati yake huchelewa kufika joto hilo. Vifuniko vilegezwe.

---

#19 Fotoni_850

Upande wa programu, weka breki tatu. LED ikiungua na kipokezi kiko mkabala, ishara inakuwa sifuri, logi inasema OD ni kubwa mno, na pampu inamwaga midia yote usiku mmoja. Kwa hiyo: (a) ishara ikishuka chini ya kiwango ambacho otesho lolote halali lisingefika, simamisha pampu, (b) weka kikomo cha mililita kwa saa, mfano mara 1.5 ya kasi ya juu unayotegemea, (c) baada ya uzimuaji OD isiposhuka, simamisha na toa onyo. Breki ya tatu inakamata sindano iliyoziba, chupa ya midia iliyoisha na mrija uliochomoka kwa mpigo mmoja.

---

#20 Mbegu_na_Mchuzi

Shukrani wakuu, nahamia chupa safi leo. La mwisho: mirija naisafishaje kati ya jaribio na jaribio bila kuifungua yote, na taka nazimwagaje?

---

#21 ChujioBovu

Pitisha maji, kisha hipokloriti (klorini ya kuua vijidudu) ya asilimia 0.5, iache ndani dakika 30, kisha maji mengi yaliyoondolewa vijidudu, ndipo ethanoli ya asilimia 70, kisha maji tena. Usiruke maji ya katikati: hipokloriti na ethanoli zikikutana zinatengeneza kemikali zenye sumu, ikiwemo klorofomu. Mililita 20 kwa kila hatua zinatosha kwa mrija wa mita moja. Mrija wa pampu wenyewe usihesabu kuusafisha, badilisha.

Chupa ya taka iwe na hipokloriti tangu mwanzo, na kiasi kihesabiwe kwa ujazo wa mwisho, si wa mwanzo. LB inaila klorini haraka kuliko M9, hivyo ongeza kila siku, na baada ya ongezo la mwisho subiri nusu saa kabla ya kumwaga. Ikishatiwa hipokloriti usiipeleke kwenye otoklevu wala usiichanganye na asidi. Weka chupa ya taka ndani ya beseni linaloweza kubeba ujazo wake wote, na tundu lake la hewa liwe na chujio.